Anatakiwa Jasusi wa Siku Moja

Ndugu msomaji, leo ni siku ya mapumziko, nami nimekuletea nafasi ya kazi. Usikimbilie kalamu na karatasi. Soma tangazo hadi mwisho kwanza, kwa maana maombi ya kazi hii hayaandikwi.

Anatakiwa jasusi, mwanamume au mwanamke. Asiwe mzuri wa kugeuza watu shingo, wala asiwe wa kutisha watoto. Awe mtu ambaye ukikutana naye sokoni asubuhi, mchana hukumbuki alivaa nguo gani. Awe hodari wa kusikiliza kuliko kusema. Awe na moyo wa kumwambia mkewe, au mumewe, kwamba yeye ni karani wa hesabu, na aaminiwe hivyo kwa miaka ishirini. Akifaulu, hakuna atakayempongeza. Akishindwa, mwajiri atasema hamjui.

Ikiwa bado una hamu, basi funga safari twende kwenye mtihani. Mtihani wenyewe unafanyika katika jiji la Berlin, Ujerumani, na jamaa yote inaruhusiwa kuhudhuria. Chukua mwenzio, chukua watoto, vaeni viatu vya kutembelea, na mkate tikiti za siku nzima zinazotumika katika treni na mabasi. Kama miguu ya wadogo itachoka, masomo mengine yatangoja hadi kesho yake.

Kwa nini Berlin? Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka 1945, washindi wanne, yaani Urusi, Marekani, Uingereza na Ufaransa, waligawana jiji hilo kama watu wanaogawana mkate. Mwaka 1949 zikazaliwa Ujerumani mbili, moja ya Magharibi na moja ya Mashariki, na Berlin ikabaki imepasuliwa katikati. Tarehe 13 Agosti 1961 upande wa Mashariki ulianza kujenga ukuta, na ukuta huo ulisimama hadi usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, mpaka ulipofunguliwa. Kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini mahasimu wakubwa wa dunia walikaa katika jiji moja, wakapanga nyumba katika mitaa iliyopakana, na kila mmoja akitaka kujua jirani yake anapika nini.

SOMO LA KWANZA: VITU VYA KUCHEZEA

Tunaanzia uwanja wa Leipziger Platz, karibu na kituo cha treni cha Potsdamer Platz. Wakati wa ukuta, hapa palikuwa sehemu ya ule ukanda uliolindwa kwa bunduki, na mtu hakuthubutu kupita. Leo pana maduka, na pana Makumbusho ya Ujasusi yaliyofunguliwa mwaka 2015.

Watoto watapapenda. Watakuta kamera zilizofichwa katika vifungo vya koti. Watapita katika chumba chenye miale ya leza, wakiinama na kutambaa ili wasiiguse, nawe baba mtu utajaribu pia, na hapo ndipo utakapojua kwamba kitambi si rafiki wa ujasusi.

Lakini usiondoke kabla hujaiona mashine iitwayo Enigma. Kwa umbo inafanana na mashine ya taipu. Wajerumani waliitumia kuficha maneno yao: ukibonyeza herufi moja, magurudumu ya ndani yanazunguka na herufi nyingine inawaka. Walio wengi waliamini kwamba hakuna binadamu awezaye kuifumbua. Hata hivyo wataalamu wa hesabu wa Poland walianza kuifumbua tangu mwaka 1932, na wakati wa vita Waingereza wakaiendeleza kazi hiyo. Mojawapo ya dosari zake ilikuwa ndogo tu: herufi haikuweza kamwe kubadilishwa ikawa yenyewe. Ukibonyeza A, lolote laweza kutoka ila A. Wenye kutafuta siri walishika uzi huo mwembamba, wakauvuta.

SOMO LA PILI: KUPITA MLANGONI

Tembeeni kwa miguu kuelekea mashariki hadi barabara ya Friedrichstraße, kwenye kivuko maarufu cha Checkpoint Charlie. Hapa, usiku wa tarehe 27 Oktoba 1961, vifaru vya Marekani na vya Urusi vilitazamana ana kwa ana, dunia ikashika pumzi. Leo watalii wanapiga picha mbele ya kibanda cheupe cha walinzi. Mwanafunzi wangu, fungua macho: kibanda hicho ni cha kuiga. Cha mwisho kati ya vile vya kweli kiliondolewa mwaka 1990 kikapelekwa kuhifadhiwa katika makumbusho ya mtaa wa Dahlem. Ukiwa jasusi, hapana budi uulize kila unachokiona: Je, wewe ndiwe, au umevaa nguo ya mwenzako?

Kutoka hapo pandeni treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Friedrichstraße. Pembeni mwa kituo pana jengo la vioo ambalo wenyeji waliliita Jumba la Machozi. Waliokuwa na ruhusa ya kwenda Magharibi walipitia humo, na jamaa zao waliobaki Mashariki waliagana nao mlangoni. Kuingia ni bure. Vibanda vyembamba vya kukagulia hati bado vimo. Simama ndani ya kimoja, ujifanye unakaguliwa, uone kama moyo hautakwenda mbio hata leo ambapo hakuna wa kukuuliza neno.

Mwezi Januari 1979, katika kituo hiki hiki, afisa kijana wa idara ya ujasusi ya Mashariki aitwaye Werner Stiller alipita kwenda Magharibi, amebeba nyaraka za siri za ofisi yake. Miongoni mwa mambo aliyowafanyia wenyeji wake wapya, aliwaonyesha katika picha uso wa mkuu wake, Markus Wolf. Bwana huyo alikuwa ameongoza ujasusi wa nje wa Mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini bila ya Magharibi kujua sura yake, hata wakamwita mtu asiye na uso.

Ukisikiliza kisa hicho upesi utampigia Stiller makofi, kwani kupenya katikati ya walinzi namna ile kwahitaji moyo wa chuma. Lakini masomo yetu hayasomwi upesi. Stiller alimwacha nyuma mkewe na watoto wawili. Liweke hilo akibani, tutalirudia.

SOMO LA TATU: KUSIKILIZA

Sasa pandeni treni ya S7 kuelekea magharibi. Mkifika karibu na msitu wa Grunewald, muulizeni mtoto kama anajua mlima uliotengenezwa na watu. Upo humo msituni, unaitwa Teufelsberg, yaani Mlima wa Shetani. Umetokana na vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu ya vita, vilivyorundikwa mwaka baada ya mwaka mpaka vikafikia mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu ya vifusi hivyo Wamarekani na Waingereza walijenga matufe makubwa meupe yenye mitambo ya kunasa mawasiliano ya redio ya Mashariki. Leo hakuna anayesikiliza. Matufe yamechanika, na kuta zimejaa michoro ya rangi. Wageni hulipa kiingilio wakapanda kutazama jiji.

Waliosikiliza kutoka juu, walisikiliza pia kutoka chini. Katika miaka ya 1954 na 1955 Wamarekani na Waingereza walichimba handaki la mita 450 hivi kutoka kusini mwa Berlin ya Magharibi, likapita chini ya mpaka mpaka kwenye nyaya za simu za jeshi la Urusi. Kwa miezi kumi na moja walirekodi mazungumzo usiku na mchana. Kumbe Warusi walikuwa na habari hata kabla jembe la kwanza halijagusa udongo, kwa sababu Mwingereza mmoja aliyekuwamo katika mipango hiyo, George Blake, alikuwa mtu wao.

Utauliza, kwa nini basi hawakulifunga handaki tangu mwanzo? Ndugu yangu, wangelifunga, Waingereza wangejiuliza ni nani aliyesema. Kwa hiyo wakawaacha maafisa wa jeshi lao wenyewe waendelee kusikilizwa, ili mtu mmoja asijulikane. Aprili 1956 ndipo walipojifanya wameligundua kwa bahati. Wahenga wetu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakutuambia kwamba mwenye shamba aweza kukaa kivulini akamtazama anavyochimba.

SOMO LA NNE: BEI YA MTU

Teremkeni kituo cha Wannsee, mchukue basi namba 316 hadi Daraja la Glienicke. Ni daraja la chuma juu ya mto Havel, kati ya Berlin na Potsdam, mahali pazuri pa kupumzisha miguu na kula mikate mliyofunga asubuhi. Tazameni rangi yake: nusu moja ni kijani cha aina moja, nusu ya pili ni kijani cha aina nyingine, kwani kila upande ulipaka nusu yake. Katikati, chini, pana mstari wa chuma unaoonyesha mahali ulipokuwa mpaka.

Asubuhi ya tarehe 10 Februari 1962 watu wawili walivuka hapa. Kutoka upande wa Potsdam alikuja Gary Powers, rubani wa Kimarekani ambaye ndege yake ya kupiga picha za siri iliangushwa ndani ya Urusi tarehe 1 Mei 1960. Kutoka upande wa Berlin alikwenda Rudolf Abel, jasusi wa Kirusi aliyekamatwa New York mwaka 1957 na kufungwa miaka 30.

Mwambieni mtoto kisa cha sarafu. Mwaka 1953 kijana muuza magazeti mjini New York aliangusha senti tano, nayo ikapasuka vipande viwili. Ndani mlikuwa na filamu ndogo yenye safu za tarakimu. Wataalamu walikaa nayo miaka minne bila kujua inasema nini, hadi msaidizi mmoja wa Abel, mtu wa ulevi, alipojisalimisha kwa Wamarekani, akaeleza na siri ya tarakimu, na bwana wake akakamatwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na majasusi wengi wameponzwa na kata zao.

Kutokana na daraja hili utajifunza kwamba jasusi ana bei kama mbuzi mnadani. Siku ile bei ilikuwa mtu mmoja hapa, na mwanafunzi wa Kimarekani aliyeachiliwa wakati huo huo kwenye kivuko cha Checkpoint Charlie akawa nyongeza. Mwezi Juni 1985 watu 23 waliokuwa wamefungwa Mashariki walibadilishwa hapa kwa wanne waliokuwa wamefungwa Magharibi. Mara ya tatu na ya mwisho ilikuwa Februari 1986.

SOMO LA TANO: NYUMBANI

Rudini Wannsee, mpande tena S7 mwelekee mashariki. Treni hii italipita jiji lote kutoka upande mmoja hadi wa pili, na hakuna atakayewasimamisha. Teremkeni Lichtenberg, mwende kituo kimoja kwa treni ya chini ya ardhi hadi Magdalenenstraße. Karibu na hapo pana majengo ya kijivu yaliyokuwa makao makuu ya Wizara ya Usalama wa Taifa ya Ujerumani ya Mashariki, ambayo watu waliifupisha wakaiita Stasi. Leo jengo la waziri ni makumbusho.

Utaiona ofisi ya Erich Mielke, waziri tangu mwaka 1957 hadi 1989: meza yake, simu zake, viti vyake vya rangi ya buluu. Katika kumbukumbu za ofisi hiyo imo kadi iliyochorwa na karani wake kuonyesha namna kifungua kinywa cha waziri kinavyopasa kupangwa: kisu kikae wapi, kahawa ikae wapi, na mayai mawili yachemshwe dakika nne na nusu. Hapo watoto watacheka, na wewe ucheke nao. Mtu anayetaka kujua yote ya watu milioni 16 hawezi kuliacha yai lake lijiendee hivi hivi.

Kisha kicheko kitapungua. Mwaka 1989 wizara hiyo ilikuwa na waajiriwa 91,000 hivi, na watoa habari wa siri wanaokadiriwa kufikia 189,000. Ukijumlisha, ni karibu mtu mmoja katika kila watu 60, pamoja na watoto wachanga na vikongwe. Fikiri arusi ya watu 300: watano kati yao wanakula pilau, wanacheza ngoma, na kesho yake asubuhi wanaandika nani alisema nini. Barua zilifunguliwa kwa mvuke na kubandikwa tena. Harufu za watu zilihifadhiwa kwa vitambaa ndani ya chupa, ili mbwa wapate kuwafuata siku ikitakiwa.

Usidhani mambo haya yalikuwa mbali nasi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitambua Ujerumani ya Mashariki, nayo ikaleta wataalamu na kujenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani, ambamo watu wanaishi hadi sasa. Mwaka huo huo Markus Wolf, yule mtu asiye na uso, alifika Unguja kusaidia kuanzisha idara ya usalama. Habari hiyo aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake.

Sasa turudie lile tuliloliweka akibani. Mwaka 1956 mume na mke, Günter na Christel Guillaume, waliingia Ujerumani ya Magharibi kama wakimbizi, kumbe wametumwa na idara ya Wolf. Mume alipanda ngazi polepole hadi akawa msaidizi wa karibu wa Willy Brandt, kiongozi wa serikali. Tarehe 24 Aprili 1974, alfajiri, polisi walibisha hodi. Mwezi uliofuata Brandt alijiuzulu. Wolf alikuja kukiri kwamba kisa hicho kilikuwa sawa na timu kujifunga goli, maana Brandt ndiye aliyekuwa akitaka maelewano na Mashariki.

Magazeti yaliandika habari za Brandt. Mimi nataka umwangalie kijana wa miaka 17 aliyeamshwa na sauti za polisi, akatoka chumbani mwake. Huyo ni mtoto wa Guillaume. Hakuwa akijua lolote. Miaka yote aliyokaa mezani na wazazi wake, alikuwa amekaa na watu wawili walio kazini.

Na mambo yaweza kuwa mazito kuliko hayo. Vera Wollenberger alikuwa miongoni mwa wale waliopinga serikali ya Mashariki kwa amani. Januari 1988 alikamatwa akiwa njiani kwenda katika maandamano. Nchi ilipoungana akawa mbunge. Majalada ya Stasi yalipofunguliwa, alikuta kwamba mtoa habari mmoja aliyeandika habari zake, aliyepewa jina la siri la Donald, ni mumewe, baba wa watoto wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na sijui kama walifikiria shati la arusi.

MATOKEO YA MTIHANI

Tarehe 15 Januari 1990 raia waliingia kwa nguvu katika majengo haya. Walikuta karatasi nyingi sana. Maafisa walikuwa wamejaribu kuziharibu; mashine zilipozidiwa, wakachana kwa mikono, na vipande vyake vikajaza magunia kama 16,000. Zilizosalia nzima, ukizipanga wima rafuni, zinafika urefu wa kilomita 111. Tangu Januari 1992 kila mtu ana haki ya kuomba jalada lake alisome, na zaidi ya watu milioni 3 wameomba. Mwanahistoria wa Kiingereza Timothy Garton Ash, aliyewahi kuishi Berlin akiwa kijana, alisoma lake, kisha akaenda akabisha hodi kwa wale waliomripoti, mmoja mmoja, akawauliza kwa nini.

Wapo pia waliokataa kusoma. Walisema wana ndugu wachache na marafiki wachache, na hawataki kuwapunguza kwa karatasi.

Je, ndugu msomaji, wewe ungefanyaje? Ungefungua? Hili ndilo swali la mwisho la mtihani, na halina majibu nyuma ya kitabu. Kwa siku nzima tumechekea vifungo vyenye macho na sarafu zenye matumbo, lakini vyote hivyo ni vyombo vya jikoni tu. Mboga yenyewe ni imani ya mtu mmoja kwa mwenzake. Jasusi haivunji kufuli ya chuma ikiwa yuko rafiki wa kumfungulia, na jiko hilo likishapika, anayelala na njaa mara nyingi ni mtoto wa mpishi.

Nchi zitaendelea kuwa na majasusi, kwani kila nchi yataka kujua jirani amenuia nini, na pengine kujua mapema kumezuia vita. Sikukatazi kuomba kazi. Nimekuonyesha tu masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, chini kabisa ya tangazo.

Jioni mtakapokuwa mmekaa mkahawani, viatu mmevua chini ya meza, usishangae mtoto akikutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Baba, wewe kweli ni karani wa hesabu?"

Mjibu papo hapo. Ukisita kidogo tu, atakuwa amekwisha kuanza kuandika.